Kwa Nini Chiriku Aliacha Kuimba

Kila siku saa tisa na nusu, kengele ya mwisho ikishalia, Sindano hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye karakana ya mama yake, chumba kimoja chembamba kati ya duka la miwani na kinyozi, kilichojaa harufu ya gundi na karatasi kuukuu. Mama yake alikuwa fundi wa vitabu. Watu walimletea vitabu vilivyochanika migongo, vilivyotafunwa na panya, vilivyonyeshewa mvua, na kimoja kililetwa kwa sababu mjomba wa mtu alikikalia mwezi mzima akidhani ni mto. Fundi alivifumua, akavishona upya, akavivika majalada mapya na kuvirudisha kwa wenyewe.

Jina la Sindano hakupewa na wazazi. Alipewa na mafundi wa mtaa ule alipokuwa na miaka tisa, kwa kuwa alikuwa mwembamba na mishono yake ilinyooka kuliko ya watu wazima wengi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limemganda, hata mwalimu mkuu alimwita hivyo.

Kitabu hakishonwi ukurasa mmojammoja. Karatasi kubwa hukunjwa na kukunjwa tena mpaka zipatikane kurasa kumi na sita, na huo huitwa mkunjo. Mikunjo hupangwa mmoja juu ya mwingine, ndipo hushonwa. Ili fundi asichanganye, wachapaji wa zamani waliweka herufi ndogo chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo: A, B, C na kuendelea. Kabla ya kutia uzi, fundi hupitisha kidole kwenye herufi hizo, mkunjo baada ya mkunjo, ahakikishe zote zipo. Mama yake Sindano aliita kazi hiyo kusoma miguu.

"Ukisoma vichwa utanogewa na hadithi usahau kazi," alipenda kusema. "Soma miguu kwanza. Hadithi utaisoma baadaye."

Na kabla ya kukipeleka kitabu kwenye gundi aliuliza swali lile lile, kila kitabu, kila siku: "Umesoma miguu?"

Wakati wa likizo, shule ya Sindano ilikuwa imeleta vitabu thelathini vya hadithi moja ya kale, vyote hoi. Mama alivifumua vyote na kupanga mikunjo mezani katika mafungu saba, kuanzia A hadi G. Kazi ya Sindano ilikuwa kutembea kando ya meza akiokota mkunjo mmoja kwenye kila fungu, kusoma miguu, kisha kushona. Ijumaa ya mwisho vilikuwa vimebaki vitabu vitatu tu. Mkebe wa gundi ulikosa nafasi, naye akahamisha mabaki ya fungu la D juu ya kiti. Halafu akavua sweta na kulitupa juu ya kiti hicho hicho, maana kulikuwa na joto.

Hapo ndipo rafiki yake alipochungulia dirishani. Rafiki huyu waliketi naye dawati moja, na darasa zima lilimwita Redio, kwa sababu aliwashwa asubuhi na hakuna aliyejua kitufe cha kumzima kiko wapi.

"Wenzako wameshagawana timu," Redio alisema. "Bado wewe tu. Dakika mbili, la sivyo wanamchukua yule mwenye viatu vikubwa."

Sindano aliokota haraka haraka, A, B, C, E, F, G, akashona vitabu vitatu mbio mbio, akavisukuma kwa mama yake.

"Umesoma miguu?"

"Nimesoma."

Neno lilimtoka jepesi, na mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti.

Jumamosi alipokwenda kuchukua sweta lake, chini yake alikuta mikunjo mitatu, yote ya D. Alisimama ameishika kifuani. Mama yake alikuwa hatua tatu kutoka hapo, amempa mgongo, akikata ngozi ya jalada na kuimba kwa sauti ya chini. Vitabu thelathini vilikuwa vimebanwa chini ya mbao, vimeshapakwa gundi. Kusema maana yake ilikuwa kukiri kwamba jana alidanganya, tena alidanganya jibu la swali ambalo mama yake alilithamini kuliko salamu. Sindano akajiambia ni kurasa chache tu, nani atazijali. Akaichomeka mikunjo nyuma ya kabati la gundi, akavaa sweta na kutoka.

Jumatatu vitabu vilipelekwa shuleni. Fundi aliweka saini kwamba vimekamilika. Aliyevipokea alikuwa msichana mgeni katika kazi ya maktaba, ambaye wanafunzi walimwita Dada Funguo kwa sababu alivaa funguo za makabati yote shingoni, na ulimsikia akija kabla hujamwona. Alikuwa kwenye miezi yake mitatu ya majaribio. Naye aliweka saini kwamba amepokea vitabu vikiwa kamili.

Mwalimu wa lugha alikuwa mtu mpole mwenye mazoea ya kupandisha miwani juu ya paji la uso kisha kuanza kuitafuta mezani. Siku ya kwanza ya muhula aligawa vitabu, kimoja kwa kila dawati, akasema:

"Watu wa kale hawakuweza kusema waziwazi kila walichokiona. Ukimwambia mkubwa kwamba amekosea, unaweza kulala pabaya. Kwa hiyo walitunga hadithi za ndege na wanyama. Juu kuna hadithi, na chini yake kuna maana nyingine imetulia inakungoja."

"Mwalimu," Redio alisema, "na ule ufagio pale pembeni una maana gani?"

"Maana yake ni kwamba leo utafagia wewe."

Darasa likacheka. Sindano hakucheka. Redio ndiye aliyekwenda kuchukua kitabu chao, na Sindano alikuwa ameshapitisha kidole chini ya kurasa. A, B, C, E. Kati ya vitabu thelathini, mkono wa Redio ulikuwa umeangukia kimoja cha vile vitatu. Akamtazama rafiki yake kwa pembe ya jicho. Je, amekichagua kwa makusudi? Alikuwa dirishani siku ile. Aliona nini?

Hadithi yenyewe ilihusu mji wa ndege juu ya jabali. Katika mnara wa mji huo iliwaka taa moja, nayo ndiyo iliyowaongoza ndege kurudi nyumbani wakati wa ukungu. Mtunza taa alikuwa Bundi. Ndege wengine hawakumpenda sana, kwa yale macho yake na kwa kukesha wenzake wakilala. Asubuhi moja taa ilikutwa imeanguka, mafuta yamemwagika sakafuni, na mji mzima ukamgeukia Bundi. Katika mji huo aliishi pia Chiriku, ndege mdogo aliyezoea kuimba kila asubuhi.

Wiki ya tatu, kila dawati likijisomea kimyakimya, darasa lilikuwa limefika ukurasa wa sabini. Mwalimu aliandika swali ubaoni: Kwa nini Chiriku aliacha kuimba?

Redio alinyoosha mkono kwanza, kama kawaida yake. "Chiriku anajua Bundi ni mwizi wa mafuta, mwalimu. Amenyamaza kwa woga."

"Wewe umesoma kitabu gani?" mvulana mmoja wa nyuma akamkatiza. "Chiriku mwenyewe ndiye aliyeangusha taa. Aliingia mnarani kutazama kivuli chake kikicheza ukutani, bawa likaipiga. Halafu akanyamaza, Bundi akabebeshwa lawama. Ukurasa wa hamsini na mbili."

"Ukurasa wa hamsini na mbili haupo," Redio alisema.

"Huwezi kuuona kama unasoma huku unaongea," mwalimu alisema, akaja, akakichukua kitabu. Alikifunua, akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akakifunua tena. Kutoka arobaini na nane kiliruka hadi sitini na tano. Alizunguka darasa zima, akapata vitabu vitatu vya namna hiyo.

Sindano alianza kujiuliza. Kulikuwa na hadithi ngapi za kale duniani? Na mwalimu akachagua hii, yenye kosa la mtu aliyenyamaza. Tena kosa lenyewe likawa kwenye zile kurasa alizozificha yeye. Akaanza kuwa na hakika kwamba mwalimu anajua, na kwamba maana iliyotulia chini ya hadithi ilikuwa inamngoja yeye peke yake.

Mwalimu mkuu aliitwa, akaja na kitabu cha saini mkononi, nyuma yake Dada Funguo, funguo zikilia kwa kila hatua.

"Vilitoka kwa fundi vikiwa kamili," mwalimu mkuu alisema. "Saini hii hapa. Ulivipokea vikiwa kamili, na saini yako hii hapa. Vimekaa chini ya mkono wako wiki tatu. Nani amekata kurasa?"

"Sijui, mwalimu mkuu. Lakini nimeangalia hapa katikati, sioni alama ya wembe."

"Wembe mkali hauachi alama. Na mwezi uliopita ramani ilikatwa kwenye atlasi, nikakuonya." Akakifunga kitabu cha saini. "Nakupa mpaka Ijumaa unieleze. Usipokuwa na maelezo, majaribio yako yatakuwa yamekwisha."

Siku hiyo hiyo Redio alianza matangazo. Wakati wa mapumziko alikuwa ameshapata habari, bila kusema wapi, kwamba Dada Funguo anauza karatasi kwa wauza njugu. Kufikia mchana wanafunzi walikuwa wanamchunguza Dada Funguo mkoba anapopita. Mmoja aliapa ameona kona ya ukurasa ikichungulia. Watoto waliokuwa wakimkimbilia asubuhi kumsalimu sasa walipita upande wa pili wa korido.

Sindano alipaswa kupumua, maana macho yote yalikuwa kwingine. Badala yake aliona kila anayefungua mdomo anamsema yeye. Mwalimu aliwapa kazi ya nyumbani: Andika aya moja kuhusu Chiriku. Kwa nini Chiriku, asiwe Bundi? Kinyozi alimwambia, "Leo umenyamaza sana, binti," naye akajiuliza kinyozi ameambiwa nini na nani. Mchana kutwa aligeuza maneno ya watu kutafuta kilichofichwa chini yake, na kila mara alikikuta.

Jumatano Dada Funguo alimwita maktaba. Sindano aliingia roho mkononi. Juu ya meza ndefu kulikuwa na vitabu vyote vya rafu ya kwanza, na Dada Funguo alikuwa anahesabu kurasa za kila kimoja kwa kidole.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa hapa, mtoto wa fundi. Wewe unavijua vitabu kuliko mimi." Akamsogezea kimoja cha vile vitatu. "Hebu niambie. Mtu akikata kurasa kumi na sita, si kungebaki hata uzi wa karatasi hapa kwenye mshono?"

Sindano alijua jibu. Kungebaki. Akamtazama usoni, akijaribu kusoma kama huo ni mtego. Kwa nini amwite yeye kati ya watoto wote? Amejua, sasa anataka nijifunge mwenyewe.

"Sijui, dada," akasema.

"Basi." Dada Funguo hakuonyesha hasira. "Nilikaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Siku nilipopata hii, mama yangu alizunguka mtaa mzima kuwaambia watu mwanangu anatunza vitabu. Sasa nitarudi kumwambia nini?" Kisha akamwangalia vizuri. "Mbona unatetemeka? Una homa?"

Akavua mtandio wake akamzungushia mabegani, akaendelea kuhesabu kurasa. Sindano alikaa amejikunyata ndani ya mtandio ule. Hata wema huo aliutilia shaka, akatafuta nini kiko nyuma yake, na safari hii hakuona kitu.

Jioni hiyo, wakila, mama yake alisema, "Kesho nikirudi kutoka kupeleka vile vitabu vya mahakamani nitasogeza kabati la gundi. Kuna kitu huko nyuma kinanitia wasiwasi."

Sindano akarudisha tonge sahanini. "Kitu gani?"

"Panya. Namsikia anatafuna."

Panya. Sindano hakusadiki hata kidogo. Mama yake hakuwahi kutaja panya wiki hiyo wala wiki iliyopita. Bila shaka hayo yalikuwa maneno ya kuzunguka, na mama alikuwa anampa nafasi ya mwisho, au anamchezea.

Alhamisi alitoka shuleni mbio, akafungua karakana kwa ufunguo wa akiba na kuingiza mkono nyuma ya kabati. Aliazimia kuipeleka mikunjo ile kwenye pipa la taka la sokoni kabla mama hajarudi. Aliivuta. Kona ya mmoja ilikuwa imetafunwa, na vinyesi vidogo vyeusi vilidondoka sakafuni. Panya alikuwepo kweli.

Jambo hilo lilimshangaza kuliko ilivyofaa. Mama alisema panya, na maana yake ilikuwa panya. Hakukuwa na kitu kingine chini ya maneno yale. Sindano akaketi sakafuni, mikunjo magotini. Kisha, labda kwa sababu siku zote alikuwa ameishika bila kuisoma, akafunua ukurasa wa arobaini na tisa.

Alisoma jinsi Chiriku alivyoingia mnarani, jinsi bawa lilivyopiga taa, jinsi mafuta yalivyotambaa sakafuni. Hayo alikuwa ameshayasikia darasani. Lakini mvulana wa nyuma hakuwa amesimulia mwisho wa mkunjo. Kulipokucha, ndege walikusanyika chini ya mnara wakimzomea Bundi. Chiriku alikuwa miongoni mwao, na baridi ya ukungu ilikuwa kali. Bundi, huku akizomewa, alimwona yule ndege mdogo anatetemeka. Akamwambia, "Sogea hapa chini ya bawa langu, usije ukaugua." Naye Chiriku akasogea, akajikinga humo na siri yake, na tangu siku hiyo hakuweza kuimba.

Sindano alisoma mstari huo mara tatu. Alihisi mtandio mabegani, ingawa alikuwa ameshaurudisha jana. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Wiki nzima alikuwa amewashuku mwalimu, Redio, kinyozi, Dada Funguo na mama yake mzazi, na kati ya watu wote hao mwenye siri alikuwa mmoja tu.

Mama alipoingia alimkuta bado sakafuni.

"Sikusoma miguu," Sindano alisema, kabla hajaulizwa. "Siku ile ya Ijumaa. Nilikwambia nimesoma, sikusoma. Hizi hapa."

Mama yake aliweka mzigo chini taratibu. Aliichukua mikunjo, akazitazama herufi za chini, D, D, D, akapitisha kidole kwenye kona iliyotafunwa. Sindano angependa afokewe, yaishe.

"Yule binti wa maktaba anafukuzwa kesho," mama alisema mwishowe. "Nimesikia kwa kinyozi. Nikasema moyoni, vijana wa siku hizi hawana uangalifu. Nimemhukumu hapa hapa, nikiwa nimesimama mbele ya kabati hili." Akaketi juu ya kigoda. "Umeniudhi, mwanangu. Kukosea fungu kila fundi hukosea. Umeniudhi kwa lile jibu, na kwa kumwacha mtu aungue ukimtazama."

"Shule wakiacha kukuletea kazi je?"

"Wakiacha, wameacha. Kesho tunakwenda wote. Utasema wewe, mimi nitasimama kando yako."

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa ofisini. Dada Funguo alikuwa ameshafika, na funguo hazikuwa shingoni. Zilikuwa mezani mbele ya mwalimu mkuu. Mwalimu wa lugha alisimama mlangoni na vile vitabu vitatu.

Sindano alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani. Yalipotoka yalikuwa machache. "Dada hakukata kurasa. Nilizisahau mimi wakati wa kushona, nikadanganya, nikazificha."

Mwalimu mkuu alimgeukia mama, kama mtu anayengoja mkubwa amwambie kwamba mtoto anaota. Fundi alikifunua kitabu kimoja katikati, akamwonyesha mshono. "Hapa hakuna kilichokatwa. Mkunjo haukuwahi kuingia. Na saini iliyosema vimekamilika ni yangu, nami niliiweka kwa kumwamini mtoto bila kuangalia mwenyewe. Kama kuna wa kulaumiwa pamoja naye, ni mimi."

"Ungekuja kuniambia mapema," mwalimu mkuu alisema.

"Ungeniita kuniuliza. Karakana iko dakika kumi kutoka hapa," fundi alisema.

Mwalimu mkuu alikohoa. Alisogeza karatasi ambazo hazikuhitaji kusogezwa. Kisha, na tumtendee haki kwa kulisema hili, alizichukua funguo mwenyewe, akazunguka meza na kumpa Dada Funguo kwa mikono miwili. "Uliniambia hakuna alama ya wembe, sikutaka kusikia. Naomba radhi. Nitasema hivyo mbele ya shule nzima."

Dada Funguo alizivaa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini sauti yake ilikuwa kavu alipomgeukia Sindano. "Nilikuuliza Jumatano. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe," Dada Funguo alisema. "Leo bado nina hasira. Njoo Jumatano na sindano yako."

Ikaamuliwa kwamba Sindano atafumua na kushona vile vitabu vitatu ndani ya maktaba, mahali kila mtu anapopita. Alishona Jumatano mbili mfululizo. Redio alikuja kusimama mezani pake, amenyamaza dakika nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Mimi ndiye niliyesema ya njugu," alisema mwishowe. "Nimekwenda kumwomba msamaha. Kanipa kazi ya kupanga magazeti ya miaka sita."

Vitabu vilipokamilika, mwalimu wa lugha alivirudisha darasani na kumaliza hadithi. Ilikuwa na kurasa chache tu zilizobaki. Ukungu ulishuka, ndege wakapotea njia kwa kukosa taa, hadi Chiriku aliporuka peke yake kumtafuta Bundi, aliyekuwa amefukuzwa mjini, na kusema mbele ya mji mzima alichofanya.

"Sasa," mwalimu alisema, "ile taa ni nini?"

Wakataja akili, haki, elimu. Mwalimu aliyakubali yote kwa kichwa, kisha akasema, "Mimi naona taa ni kuaminiana. Ikishaanguka, kila mtu anamwona mwenzake adui, kama tulivyomwona dada yetu wa maktaba. Redio alisoma kitabu chenye pengo akamwita Bundi mwizi, na hakuwa mjinga, alisoma alichopewa. Sisi wakubwa tulifanya hivyo hivyo kwa mtu mzima mwenye jina lake. Ukitaka kujua maana ya hadithi, soma kurasa zote kwanza. Na mtu pia, kabla hujamshuku, jiulize ni kurasa gani zake huna."

Wenzake walipotoka, Sindano alibaki dawatini. "Mwalimu, hadithi hii uliichagua kwa ajili yangu?"

Mwalimu alipandisha miwani. "Kitabu hiki kiliandikwa kabla babu yangu hajazaliwa. Nimekifundisha kila mwaka kwa miaka kumi na moja. Hakikuwa kinakutafuta wewe, Sindano. Wewe ndiye uliyeingia humo na mzigo wako, ukajiona kila ukurasa. Hadithi za kale zina desturi hiyo, na ndiyo maana watu bado wanazisoma." Akaanza kupapasa mezani. "Umeona miwani yangu?"

Jioni ile karakana ilikuwa na kazi mpya. Shule haikuacha kuleta vitabu. Ilileta kamusi ishirini, safari hii zikisindikizwa na Dada Funguo mwenyewe, ambaye aliketi kigodani akajifunza kusoma miguu kabla ya kuweka saini yoyote. Mama alishika brashi ya gundi. Sindano alisukuma kamusi ya kwanza upande wake, imeshashonwa, mishono imenyooka.

"Umesoma miguu?"

Alikuwa na hakika amesoma. Alikuwa karibu na hakika. Akaivuta kamusi nyuma kuelekea kwake.

"Bado, mama," alisema, akaweka kidole chini ya herufi A na kuanza tena.